Kuroga Bila Kugunduliwa: Njia Ipi Itakufaa Mezani?

Karamu kwa Liwali. Mhusika wako ameingia kwa mwaliko wa kuazima, amekaa hatua chache kutoka kiti cha mwenyeji, na kundi zima linamtegemea amlainishe mzee huyo atoe ufunguo wa ghala kabla pilau haijaisha. Pembeni wamesimama askari wanne. Nyuma ya kiti yuko mzee mwingine mwenye kilemba na fimbo, na hakuna mchezaji ambaye hajahisi kwamba huyo ni mchawi. Uchawi wa kumlainisha Liwali unao. Kinachokosekana ni namna ya kuufanya bila ukumbi mzima kukugeukia.

Ukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi mezani kwa dadu, hapa Nairobi, iwe ni sebuleni kwa mtu South B au kwenye meza ya nyuma ya mkahawa mjini, utafika kwenye karamu hii au dada yake. Na kwa kawaida mabishano yake huchukua muda mrefu kuliko karamu yenyewe. Mmoja anasema ananong'ona tu. Mwingine anasema mikono iko chini ya meza. DM, yaani msimamizi wa mchezo, anashika kichwa.

Hapa nalinganisha njia zilizopo. Nazungumzia toleo la tano, lile la 2014 pamoja na marekebisho yake ya 2024, kwa sababu makundi mengi yana mchezaji wa kitabu cha zamani na mwingine wa kipya wakikaa meza moja. Kuelekea mwisho nitagusa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo. Majina ya uwezo na ya uchawi nayaacha kama yalivyochapishwa ili uyapate kitabuni. Aina za wahusika nitaziita hivi: Sorcerer ni mchawi wa damu, Warlock ni mchawi wa mkataba, Wizard ni mchawi msomi, na Bard ni malenga. Ngazi ni kiwango cha mhusika, daraja ni kiwango cha uchawi, na kipaji ni uwezo wa ziada ambao mhusika huuchagua.

Unamficha nani?

Kabla ya kuchagua chochote, hesabu mashahidi. Wako wa namna tatu, na njia inayomfumba mmoja macho inaweza isimguse mwingine.

Wa kwanza ni hadhira: askari, wageni, mpishi. Hawa hawajui uchawi, lakini wakimwona mtu anachora hewani huku akitabana maneno ya ajabu, wanajua la kufanya. Wa pili ni mchawi wa upande wa pili, yule wa kilemba. Yeye haishii kukuona tu, ana Counterspell, na anaweza kuuzima uchawi wako kabla haujatua. Wa tatu ni mrogwa mwenyewe, na ndiye anayesahaulika.

Chukua Charm Person, uchawi wa daraja la kwanza wa kumfanya mtu akuone rafiki, ambao karibu kila mchawi mchanga anao. Kanuni yake inasema wazi, 2014 na 2024 pia, kwamba ukiisha, aliyerogwa anajua kuwa wewe ndiye uliyemroga. Ni kama mtu aliyewekewa mchele, dawa ya kulevya, kwenye kinywaji klabuni: usiku ule kila kitu kilikuwa kitamu, lakini asubuhi anaamka mfuko mtupu na anakumbuka vizuri nani alimnunulia kinywaji. Sasa kuna wachezaji wanaojenga mhusika wa siri kwa ngazi kadhaa, wanalipia kila kitu, halafu uchawi wanaoutumia ni huo. Baada ya saa moja Liwali anawatuma askari. Umeficha mkono, hukuficha jina.

Suggestion, ya daraja la pili, ya kumfanya mtu afuate pendekezo lako, haina sentensi hiyo. Kanuni ya jumla ni kwamba uchawi usio na dalili ya kuonekana au kuhisika, aliyelengwa hajui kwamba amelengwa. Liwali atatoa ufunguo, na akijiuliza baadaye kwa nini alifanya hivyo, huenda akajipa sababu mwenyewe. Watu wakubwa ni hodari wa kujipa sababu. Kwa hiyo kabla hujalipia njia yoyote kati ya hizi, angalia kwanza kama uchawi uliouzoea una kifungu cha kukuchongea mwishoni. Hakuna kipaji kinachofuta kifungu hicho.

Kunong'ona hakutoshi

Uchawi mwingi unadai vitu vitatu au sehemu yake: maneno, ishara za mkono, na kifaa, ambacho unaweza kukibadilisha na fimbo au hirizi yako ikiwa hakina bei. Kitabu cha Xanathar's Guide to Everything cha 2017 kiliweka mpaka: ili kitendo cha kuroga kitambulike, lazima kiwe na angalau kimojawapo cha hivyo vitatu. Ukiondoa vyote, hakuna wa kukuona. Ukibakiza kimoja, unaweza kuonekana. Hapo ndipo kila njia ifuatayo inapopimwa.

Maneno ndiyo mzigo mkubwa. Kanuni inataka sauti fulani, kwa kiwango na mvumo fulani. Haisemi upige kelele, lakini pia haikupi ruhusa ya kumung'unya. Skrini rasmi ya DM ina jedwali la umbali wa kusikika ambalo wachezaji wengi hawajawahi kuliona, maana linatazama upande wake. Anayejaribu kuwa kimya husikika futi tano mara jumla ya dadu mbili za pande sita, yaani wastani wa futi 35. Kelele ya kawaida ni kumi mara jumla hiyo, wastani futi 70. Sasa Charm Person na Suggestion zote zinafika futi 30 tu. Ukisimama mwisho kabisa wa umbali huo na kunong'ona, kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 26 yanamfikishia Liwali sauti yako. Ukisogea hadi futi 15 ni 35 kati ya 36. Mnong'ono unakusaidia kwa askari wa mlangoni, lakini aliye karibu na kiti atakusikia. DM mwenye huruma atapunguza kidogo kukiwa na tarabu ukumbini, na ni haki yake.

Kuna hoja inayorudi kila mara kuhusu Suggestion: si namwambia tu Liwali "nipe ufunguo nikakuangalizie ghala," na maneno hayo ndiyo uchawi? Hapana. Watunzi wa mchezo walishajibu kwamba maneno ya kichawi ni kitu kimoja na pendekezo lenyewe ni kingine. Unatabana kwanza, halafu unasema. Najua inauma.

(Kuhusu sauti, mnaocheza kwenye fleti mjihadhari pia na zenu. Anayepaza "namroga mzee!" saa tatu usiku ukuta wa pili na watu wa maombi atakuwa na maelezo ya kutoa kwenye ngazi. Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, tangu 1925.)

Mchawi wa damu na Subtle Spell

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu atakutajia kwanza. Mchawi wa damu hupata Metamagic, ujuzi wa kuupinda uchawi wake, kwenye ngazi ya 3 katika kitabu cha 2014 na ngazi ya 2 katika cha 2024. Mojawapo ya chaguo zake ni Subtle Spell, kwa pointi moja tu ya uchawi. Ngazi ya 3 una pointi tatu, hivyo karamu moja unaweza kuroga kimyakimya mara tatu, mradi nafasi zako za uchawi, yaani mara unazoweza kuroga kabla ya kupumzika, hazijaisha.

Tofauti ya vitabu hivi viwili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Cha 2014 kinaondoa maneno na ishara, basi. Kifaa kinabaki. Charm Person haina kifaa, kwa hiyo inakuwa safi kabisa. Suggestion inacho. Ukiifanya kwa Subtle Spell ya 2014, bado umeshika fimbo au umegusa hirizi kwa namna ambayo mzee wa kilemba, kwa kanuni ya Xanathar, anaweza kuitambua na kuizima. Tazama mtego ulivyo: uchawi unaofichika kikamilifu ndio unaokuchongea ukiisha, na usiokuchongea ndio unaobakiza alama. Kitabu cha 2024 kilifungua fundo hilo. Subtle Spell mpya inaondoa na kifaa pia, isipokuwa kile kinachotajwa bei au kinachotumika kikaisha. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa DM lisiwe "naruhusiwa kuwa mchawi wa damu?" bali "tunatumia kitabu cha mwaka gani?"

Gharama yake si pointi peke yake. Kwa kawaida huwezi kuweka Metamagic mbili kwenye uchawi mmoja, kwa hiyo ukichagua kujificha umeacha Heightened Spell, ile inayomdhoofisha mlengwa asijikinge vizuri. Unaroga kwa siri, lakini Liwali anarusha dadu yake ya kujikinga kwa nguvu zote. Tena mchawi wa damu ana uchawi mchache: kwa kitabu cha 2014, ngazi ya 3 anajua aina nne tu nje ya zile ndogondogo. Ukitenga mbili kwa ajili ya karamu, siku ya mapambano pangoni utakuwa mtazamaji.

Faida ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa ni kwamba Subtle Spell si ya karamuni tu. Ukifungwa kitambaa mdomoni na kamba mikononi bado unaroga. Ukiwa ndani ya duara la Silence, uchawi unaozima sauti zote, bado unaroga. Na ukifika ngazi ya 5 ukapata Counterspell yako, ambayo ni ishara ya mkono tu, ukiifanya kwa Subtle Spell mpinzani hana cha kuona ili aizime na yeye.

Mchawi wa mkataba, bure lakini si safi

Kitabu cha 2024 kilimpa mchawi wa mkataba aliyeungana na Great Old One, mmoja wa mabwana wanaotoa mikataba hiyo, zawadi ambayo sijui kwa nini haizungumzwi zaidi. Kuanzia ngazi ya 3, uchawi wake wowote wa kupumbaza akili au wa kiinimacho anaweza kuufanya bila maneno wala ishara. Bila pointi. Bila kikomo cha siku.

Ana nafasi mbili tu za uchawi mpaka ngazi ya 11, ila zinarudi kwa pumziko fupi la saa moja. Na kwa kuwa nafasi zake za ngazi ya 3 ni za daraja la pili, Charm Person yake inashika watu wawili kwa mpigo, Liwali na mkuu wa askari.

Kasoro ni ileile ya kifaa. Zawadi hii haikiondoi. Charm Person na Charm Monster hazina kifaa, kwa hiyo ni safi. Suggestion, Hypnotic Pattern na Invisibility zinacho, na Counterspell ya 2024 inataja wazi kwamba inaweza kuzima uchawi unaoonekana ukifanywa kwa maneno, ishara au kifaa. Mbele ya askari, mtu aliyekaa kimya ameshika hirizi si kitu. Mbele ya mzee wa kilemba ni kitu. Hapo mizani kati ya hawa wawili inaonekana: mchawi wa damu wa 2024 analipa na anapotea kabisa, mchawi wa mkataba halipi, anafumba macho ya hadhira siku nzima, lakini mtaalamu bado ana pa kushika. Kama kampeni yenu imejaa walinzi na wafanyabiashara, mkataba unashinda kwa mbali. Kama adui zenu ni chuo cha wachawi, utajuta.

Kuna mtu wa katikati, mchawi wa damu wa ukoo wa Aberrant Mind, aliyekuja na Tasha's Cauldron of Everything mwaka 2020. Akifika ngazi ya 6, uchawi ulio kwenye orodha yake maalumu anaufanya kwa pointi sawa na daraja lake badala ya kutumia nafasi, bila maneno, ishara, wala kifaa kisichoisha. Suggestion haimo kwenye orodha hiyo mwanzoni, lakini kila anapopanda ngazi anaruhusiwa kubadilisha mmoja kwa uchawi wa kupumbaza au wa kutambua mambo, na hapo unaingia. Pointi sita, mara tatu, bila kugusa nafasi hata moja. Kwa kazi hii hakuna bora zaidi katika toleo la tano. Ila ngazi ya 6! Kundi linalokutana mara moja kwa mwezi, na safari hii mmoja yuko ushago na mwingine ana zamu, litafika huko mwaka ujao Mungu akipenda.

Wewe si mmoja wao

Malenga au mchawi msomi asiyetaka kubadilisha kazi anaweza kununua kipaji. Metamagic Adept, ya kitabu hichohicho cha Tasha, inakupa chaguo mbili za Metamagic na pointi mbili zinazorudi baada ya pumziko refu. Yaani Subtle Spell mara mbili kwa siku. Kwa malenga, ambaye tayari ana Suggestion na ulimi wa kuikokota, naona ni bei nzuri kuliko kuanza upya na mhusika mwingine.

Telepathic ni ya kazi nyembamba zaidi: mara moja kwa siku unafanya Detect Thoughts bila nafasi, bila chochote cha kuonekana. Sikiliza mawazo ya juujuu tu. Ukichimba zaidi, Liwali anajua mtu yuko kichwani mwake, ashinde au ashindwe kujikinga.

Usipotaka kununua chochote, chagua uchawi kwa alama zake. Minor Illusion na Hypnotic Pattern hazina maneno. Ya pili inaonekana na ukumbi mzima ikitokea, lakini anayeifanya kutoka roshani akiwa nyuma ya nguzo, futi 120 zikimruhusu, hajulikani ni nani, na Counterspell haivuki futi 60. Kwa upande mwingine Command, Misty Step na Dissonant Whispers ni maneno matupu bila mkono, kwa hiyo zifanye penye makelele: sokoni, bandarini, kwenye ngoma. Invisibility ya kawaida haikusaidii kwa kazi hii, maana inavunjika pale unaporoga, na hata kabla ya hapo haikuwa imekuziba sauti.

Kumwomba DM dadu

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo yenye ugomvi. Kitabu hakina kanuni ya kuficha uchawi kwa wepesi wa mikono. Hakikatazi DM pia kuitisha dadu. Kwa hiyo meza moja inasema "rusha, ukipata 12 hawajakuona," nyingine inasema "haiwezekani hata kwa muujiza," na mchezaji anayehama kutoka Umoja kwenda kundi la Kilimani anajikuta amepokonywa ujanja wake wote.

Msimamo wangu ni huu. Ishara na kifaa zinaweza kufichwa kwa dadu. Maneno hayawezi, isipokuwa pawe na kelele ya kweli ndani ya hadithi. Na lazima mchezaji mwingine alipie kwa kuwashughulisha watu: amwage sharubati, aanzishe shairi, azue ugomvi na mpishi. Bila hivyo hakuna dadu. Sababu si ukali. Mtu aliyechagua mchawi wa damu, akakubali uchawi mchache na akatoa pointi yake, hafai kukaa karibu na mtu anayepata kitu hichohicho bure kwa sababu ana mdomo mtamu kwa DM. Nimeona meza ambazo Subtle Spell haichaguliwi na yeyote, na chanzo kilikuwa hicho tu.

Ukikubaliwa, hesabu zake si mbaya. Askari wa kawaida wa vitabu vya 2014 ana umakini tulivu wa 12, yaani alama ambayo dadu yako pamoja na nyongeza lazima iifikie ili asikuone. Malenga wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 5 kwenye wepesi wa mikono anahitaji 7 au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini, yaani asilimia 70. Cha kuchekesha ni kwamba mchawi wa kitabu hichohicho, yule ambaye ungemtumia kama mzee wa kilemba, ana umakini wa 11. Elimu nyingi, macho hafifu kuliko ya askari wake mwenyewe.

Na hata akikuona, ana tatizo lake. Kwa kanuni za Xanathar, kuutambua uchawi unaofanywa kunamla ile hatua yake moja ya kujibu, na Counterspell nayo inataka hatua hiyohiyo. Achague: ajue ni nini, au azime gizani. Charm Person ingemtaka apate 16 kwa elimu ya uchawi, naye ana nyongeza ya 6, kwa hiyo ana nafasi kidogo zaidi ya nusu ya kuutambua, na akiutambua amechelewa kuuzima. DM wengi wanasahau hili na kumpa mzee yote mawili. Mkumbushe kwa adabu.

Pathfinder, kwa wasio na bei ya vitabu

Toleo la pili la Pathfinder lilipotoka 2019 lilikuwa na kipaji cha Conceal Spell kwa mchawi msomi wa ngazi ya 2. Ulilipa hatua moja, ukarusha dadu ya unyatiaji dhidi ya umakini wa watazamaji, na kama uchawi una maneno ukaongeza dadu ya ulaghai. Marekebisho yaliyoanza 2023 yamefuta dadu hizo. Sasa unalipa hatua moja na uchawi unaofuata unafichika, kitendo chake tu, si matokeo yake. Kwa kuwa zamu ina hatua tatu na uchawi mwingi unakula mbili, vitani hiyo ni zamu nzima. Karamuni hakuna anayehesabu zamu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mchezo huu unavyomtendea yule shahidi wa tatu. Charm yao baada ya marekebisho tayari imewekewa alama ya kufichika, hata bila kipaji. Mlengwa akijikinga vizuri, anadhani ulifanya kitu kisicho na madhara. Akijikinga vizuri mno ndipo anajua ulijaribu kumroga. Na ukiisha, si lazima agutuke, isipokuwa urafiki wenyewe au ulichomtendea hakiingii akilini. Liwali anaweza kulala salama na kuamka akikusifu.

Tena kanuni zote za Pathfinder zinasomwa bure, kwa ruhusa, kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Upande wa Dungeons & Dragons, hati ya bure ina mchawi wa damu na Subtle Spell yake, lakini Great Old One, Aberrant Mind na Metamagic Adept zimo kwenye vitabu vya kununua, na kitabu kilichosafirishwa hadi Nairobi kinaingia kwenye bajeti ya chakula.

Basi uchukue ipi?

Kama kundi lenu linaanza sasa na hamna kitabu, mchawi wa damu wa hati ya bure ya 2024 anatosha. Mpe Suggestion mara atakapoifikia, na Charm Person muibakize kwa watu ambao hamtakutana nao tena. Kama mna kitabu cha 2024 na kampeni yenu ni ya mjini, ya fitina, walinzi na wafanyabiashara wengi, mchawi wa mkataba atafanya kazi zaidi kwa gharama ndogo, ila mwekeni mwenzake wa kumshughulikia mchawi wa adui. Aberrant Mind muiache kwa kundi lenye mpango wa muda mrefu na kalenda inayoheshimiwa. Malenga aliyekwisha kujengwa anunue Metamagic Adept, asiharibu mhusika mzuri. Na wale ambao uficho ndio mchezo wenyewe, si pambo lake, wajaribu Pathfinder kwa karamu moja kabla ya kuamua.

Chochote mtakachochagua, DM aulizwe mambo mawili kabla ya siku ya kwanza: ni kitabu cha mwaka gani, na kama meza hii inaruhusu dadu ya kuficha. Akisema inaruhusu, muulize na hili: je, askari wa Liwali nao wanaruhusiwa kuitumia kwenu?